Mjadala: Je, watu wa dini mbalimbali waliishi kwa haki katika Milki ya Osmani?

Msomaji wa Tanga: Nauliza kuhusu maisha ya kila siku, si vita vya masultani. Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walipokewa na Sultani Bayezid II, na wengi wakalowea Thessaloniki, ambako shughuli za bandari zilisimama kila Jumamosi kwa kuwa mahamali wake walikuwa Wayahudi walioshika Sabato. Mimi naiona haki hapo. Hata Mkristo alikuwa na nafuu kuliko mkulima wa Kiislamu, maana hakupelekwa vitani.

Binti Kilwa: Ndugu yangu, nafuu gani hiyo? Katika vijiji vya Balkani watoto wa kiume wa Kikristo walichukuliwa, wakasilimishwa, kisha wengi wakaingizwa katika jeshi la Janisari, askari wa miguu wa Sultani. Baba aliyebaki kijijini alilipa jizia, kodi ya wasio Waislamu, na mjini kulikuwa na amri zilizompangia asiye Mwislamu hata rangi ya viatu. Unasemaje hakupelekwa vitani, ilhali mwanawe alikwenda?

Mzee wa Mrima: Dada, taja na upande wa pili. Sokollu Mehmed Pasha alichukuliwa hivyo hivyo kutoka Bosnia, akawa waziri mkuu wa masultani watatu kuanzia mwaka 1565, na daraja alilojenga Višegrad lipo hadi leo.

Binti Kilwa: Kwa heshima yako, mzee wangu, cheo cha huyo mmoja kiliwafaa nini akina mama wa wale waliofia vitani wakiwa askari wa kawaida?

Mwalimu wa Historia: Swali lilikuwa maisha ya kila siku. Katika madaftari ya makadhi wamo wanawake wa Kikristo waliopeleka kwa kadhi, kwa hiari yao, madai ya mirathi na ya ndoa, ingawa kanisa lao lilikuwa na mabaraza yake. Hata hivyo, kwa kanuni ushahidi wa Mkristo haukupokewa dhidi ya Mwislamu, na usawa kamili uliahidiwa kwa amri ya mwaka 1856.

Mzee wa Mrima: Mwalimu, amri hiyo usiisifu mno. Ilitolewa Uingereza na Ufaransa zikimbana Sultani mwishoni mwa Vita vya Krimea, na jizia ilipofutwa ikaja kodi ya kujikomboa na jeshi, ambayo Mkristo yule yule ndiye aliyeendelea kuilipa.