Rais wa ushirika na meneja: nani anaongoza, nani anasimamia?

Katibu, Bukavu
Habari za kazi, wapendwa. Ushirika wetu wa kahawa, upande wa Kabare, una kituo kimoja cha kuoshea. Rais amechaguliwa na wanachama, meneja ameajiriwa. Msimu ukianza, rais anashinda kwenye mizani, na meneja ndiye anayepanda vilima kuwabembeleza wakulima wasiwauzie walanguzi. Tofauti ya kusimamia na kuongoza ni ipi hasa, na tuiandikeje kwenye kanuni za ndani?

Mhasibu wa Ibanda
Ndugu Katibu, hao wamebadilishana viti. Kusimamia ni kuhakikisha lililokwisha kukubaliwa linatimia. Kuongoza ni kuwafanya watu wakubali jambo ambalo bado hawalitaki, hasa likiwagharimu.

Kilo 100 za matunda mabivu hutoa takriban kilo 20 za kahawa kavu yenye ganda. Karatasi ya siku ikionyesha 15, hotuba haihitajiki. Meneja akague mizani, aangalie kama matunda mabichi au yaliyotobolewa na wadudu yamepokelewa, kama mashine ya kumenya inapasua punje, kama kuna magunia yanayotoka usiku. Jibu lipo, ni la kutafutwa tu. Vivyo hivyo kumenya siku ileile ya kuvuna, na kuanika hadi unyevu ufike asilimia 11 au 12.

Lakini kumwambia mkulima achume nyekundu tupu, na mlanguzi yuko njiani ananunua mchanganyiko na kulipa papo hapo? Unamtaka arudi shambani mara kadhaa badala ya kumaliza mara moja, na shule inadai ada. Karatasi ya meneja haifiki hapo. Hiyo ni kazi ya rais.

Mama Mratibu, Goma
Na rais haifanyi kwa mikutano peke yake. Alete kahawa yake, apange mstari kama wengine, imwagwe kwenye maji mbele ya watu. Zinazoelea ndizo mbovu, arudishiwe palepale. Kahawa ya rais ikipita bila kuguswa na maji, kila mwanachama ameshaelewa sheria halisi ya kituo.

Ila msimdharau meneja. Rais akiahidi nyongeza ya bei baada ya mauzo, ahadi hiyo inaishi kwenye daftari: kilo za kila mwanachama, kila siku, na nakala abaki nayo mwenyewe. Daftari likikosekana, pesa ikija mtagombana, na msimu ujao hakuna wa kumsikiliza rais huyo.

Katibu, Bukavu
Asante, Mama. Na kama huko vilimani wanamsikiliza meneja kuliko rais?

Asistenti wa jestion (usimamizi), Lubumbashi
Basi mmepata bahati, mtumieni. Cheo hakigawi uwezo huo. Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, mwaka 1916 aliweka kuamuru pamoja na kutabiri, kupanga, kuratibu na kudhibiti, vyote ndani ya kazi moja ya uendeshaji. Baadaye, mnamo 1990, John Kotter wa Harvard ndiye aliyesisitiza kuwa usimamizi hushughulika na ugumu wa kazi, uongozi na mabadiliko. Naye alisema shirika linahitaji vyote viwili.

Kwa hiyo kwenye kanuni msiandike «rais anaongoza, meneja anasimamia». Maneno hayo hayamzuii mtu kitu. Andikeni nani anaamua nini. Bei ya kununulia na mgao wa faida: baraza, na wanachama waelezwe kabla ya msimu. Ajira za vibarua, zamu na kukataa mzigo mbovu: meneja, na rais asiweze kubatilisha pale kwenye mizani, akiwa na neno, alipeleke barazani. Benki iwe na saini mbili, na anayeagiza malipo asiwe ndiye anayeshika sanduku. Sheria ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, ambayo Kongo iliingia 2012, inaruhusu ushirika wenye baraza la utawala kuajiri mkurugenzi asiye mjumbe wa baraza, kwa hiyo msingi mnao.

Ufunguo wa ghala pia uandikeni ni wa nani. Wengi husahau.