Mjadala: Shule za kata zenye wanafunzi wachache ziunganishwe?

Mwalimu wa Fizikia: Ndugu wadau, nafundisha shule ya kata, yaani sekondari ya serikali ya kata, hapa Tanzania, ambayo Kidato cha Nne hakijazi safu mbili za madawati, na wasichana ni wachache mno. Ruzuku ya uendeshaji huhesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi, ilhali maabara na walimu wanahitajika vilevile, wanafunzi wawe wengi au wachache. Kwa nini shule mbili za namna hii zisiunganishwe, ikajengwa moja yenye mabweni? Tatizo letu jingine ni kwamba wafugaji bado hawajaona thamani ya elimu.

Mtoto wa Boma: Mwalimu, hoja ya kuunganisha ningeijadili kwa utulivu kama usingeihitimisha kwa kutukana wazazi wetu. Baba yangu aliuza ng'ombe ili nisome. Sema shule iko mbali, na kwamba kiangazi mifugo huhamishwa na familia huhama nayo, lakini usiseme hatuoni thamani.

Shangazi: Mwanangu, ng'ombe aliuzwa kwa ajili yako. Dada zako je, walifika kidato gani?

Mtoto wa Boma: Shangazi, kwa heshima, dada zangu si mada. Ila kwa kuwa umeuliza, mmoja aliachia Kidato cha Pili baada ya kupangishiwa chumba karibu na shule, na nyote mnajua maisha ya msichana anayeishi peke yake kwenye geto.

Karani Mstaafu: Sheria ipo. Tangu 2016, anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba anaweza kufungwa miaka 30. Elimu nayo ni bure tangu 2015, kwa hiyo mzazi hana kisingizio.

Mwalimu wa Fizikia: Mzee wangu, waraka wa elimu bure ulitoka 2015, lakini ada iliondolewa Januari 2016, nayo kwa shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 tu kwa mwaka. Sare, chakula na kodi ya chumba ndivyo vinavyomlemea mzazi hadi leo. Kuhusu wafugaji, sijafuta neno.

Mdau wa Mipango: Mnagombana huku mnasahau kwamba elimu ya msingi inafupishwa kutoka miaka saba hadi sita, hivyo mwaka 2027 Darasa la Sita na la Saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 wote wataingia Kidato cha Kwanza. Anayefunga shule leo atayatafuta madarasa hayo hayo kesho kutwa.

Mtoto wa Boma: Mwalimu, kama hujafuta neno, basi taja ni mfugaji gani aliyekukatalia mtoto.

Shangazi: Acheni hayo. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Kwako wamerudi, mwalimu?

Mwalimu wa Fizikia: Amerudi mmoja, naye anafanya vizuri, kwa sababu nyumbani kwao ni karibu na mama yake hubaki na mtoto.

Shangazi: Basi huyo ukimhamishia kwenye shule yako ya bweni, mtoto anayenyonya atalala wapi?