Naomba ushauri: barua ya kupanda daraja ipo, mshahara ni ule ule

Habari wakuu. Mwalimu wa shule ya serikali kapandishwa daraja. Barua inataja tarehe ya miezi 7 iliyopita, ila slipu ya mshahara bado inasoma daraja la zamani. Hesabu ya malimbikizo ni rahisi: tofauti ya mishahara miwili ya msingi mara 7. Kinachotatiza ni makato. Malimbikizo yakilipwa kwa mkupuo, kodi ya mwezi huo inaweza kuruka ngazi ya juu, na mchango wa pensheni wa miezi ya nyuma usipoingizwa, pengo huonekana siku ya kustaafu, wakati slipu za zamani zimeshapotea. Je, adai kwanza arekebishiwe daraja kwenye mfumo, au awasilishe madai yote pamoja? Na nakala ya barua ya madai yenye muhuri wa kupokelewa inatosha kuwa ushahidi?