Mmeninyima malipo ya usiku mzima kwa sababu ya jina la brauza?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina hasira na hili siwezi kulimeza.

Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Kazi yangu ni kusikiliza sauti na kuiandika kwenye tovuti ya kampuni moja, nalipwa kwa dakika za sauti. Nyumba yetu ni ya mawe ya zamani, ukuta unakaribia nusu mita, mtandao haupenyi. Simu naiegesha dirisha la juu, laptopu mapajani, bando natoa mfukoni mwangu. Laptopu yenyewe ina kumbukumbu ndogo ya kufanyia kazi, RAM ya GB 4. Nikitumia brauza nzito (programu ya kufungulia tovuti) na vichupo sita, yaani kurasa sita kwa pamoja, feni inaunguruma na herufi ninayoandika inachelewa kutokea. Nimejaribu kadhaa, Firefox ndiyo inayokwenda vizuri kwenye mashine yangu, basi ndiyo ninayofanyia kazi.

Juzi nikapewa mahojiano ya dakika 47. Watu watatu, wanadakizana, na mmoja anakohoa kila anapoanza kusema; kuna mahali nilirudisha nyuma mara kumi nipate neno moja. Nilianza baada ya isha, nikamaliza saa nane usiku. Nikabonyeza kutuma. Kikatokea kisanduku chekundu: brauza yako haikubaliki. Kurudi nyuma, ukurasa mweupe. Hata herufi moja haikusalia!

Yaani walinifungulia, wakanipa kazi, wakaniacha niandike hadi usiku wa manane, ndipo wakaniuliza nimeingia na nini. Kama hamuitaki brauza yangu, si mnikataze mlangoni?

Nikawaandikia. Jibu likaja: pakua Chrome, brauza tuliyoidhinisha. Na malipo? Hakuna kilichopokelewa, hakuna malipo. Juu ya hayo nimeshushwa alama kwa kuchelewesha kazi.

Mwenzangu wa Malindi anatumia Edge, naye amekataliwa. Hapo ndipo niliposhindwa kabisa kuwaelewa. Chrome, Edge, Opera na Brave zote zimejengwa juu ya msingi mmoja wa programu, Chromium. Opera ilihamia huko 2013, Edge mwezi wa Januari 2020. Injini inayochora ukurasa ni moja, Blink. Unaikubalije Chrome na kuzifukuza dada zake? Firefox ina injini yake, Gecko, kwa hiyo wangeniambia kuna kitu kimegoma ningewasikiliza. Lakini hakuna kilichogoma. Sauti ilicheza, kurudi nyuma sekunde tano kulifanya kazi, alama za muda zilikaa pahali pake.

Wanachokagua ni jina tu. Kila brauza ikifungua tovuti hutuma mstari wa kujitambulisha, na kwa mambo ya historia mstari huo huanza na "Mozilla/5.0" kwenye Chrome, Safari, Edge na Firefox, zote. Tangu mwanzo brauza zimekuwa zikiazimana majina kwa sababu ya tovuti za namna hii hii, zinazofungua mlango kwa jina. Jana nimebadilisha mstari huo kwa kiendelezi kidogo (programu ndogo inayoongezwa kwenye brauza), Firefox ile ile, laptopu ile ile, na kazi ya majaribio ya dakika mbili ikapita bila neno. (Msiige, akaunti inaweza kufungwa. Nilitaka kujua ukweli.) Mtengenezaji tovuti anayeijua kazi yake anauliza brauza ina uwezo gani: inacheza sauti, inahifadhi rasimu? Jina halimwambii kitu.

Na hilo la rasimu ndilo linaloniumiza zaidi. Brauza zote za leo zinaweza kuhifadhi maandishi ndani ya kompyuta ya mtumiaji, hata mtandao ukikatika. Kwa mtu wa huku, ambaye stima inakatika katikati ya sentensi, hilo ndilo jambo la kwanza kuwekwa. Hawakuliweka, halafu wanashughulika na jina la brauza.

Mnaofanya kazi hizi, andikeni kwanza kwenye faili la kompyuta yenu, ndipo mnakili kwenye ukurasa wao. Mimi sikufanya hivyo na nimepoteza.

Ninachodai ni malipo ya dakika 47 na alama zangu zirudishwe. Nimewaandikia mara tatu, majibu ni yale yale, neno kwa neno. Kama kuna aliyewahi kulipwa baada ya kulalamika, naomba aniandikie hapa alipitia njia gani.