Naomba ushauri: mkopo wa taa za sola na siku za mbalamwezi

Ndugu zangu, naishi Ukerewe, katika kijiji kinachotegemea dagaa. Kikundi chetu cha akina mama 12 wanaoanika dagaa kilichukua taa za sola kwa mkopo unaolipwa kila siku kwa simu, na malipo yakichelewa, kifaa hujifunga chenyewe hadi deni lilipwe.

Tatizo ni kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga wa taa, kwa hiyo mbalamwezi inapokuwa kali mitumbwi hulala ufukweni, chanja zetu hubaki tupu na fedha hukatika, ilhali deni halitazami mwezi. Matokeo yake, nyumba moja inawaka na ya jirani imezimwa. Watoto wa nyumba iliyozimwa huenda kusomea kwa wenzao, na majuzi mama mmoja aliwafukuza kwa maneno makali (nami nakiri nilimkasirikia kupita kiasi). Wakati wa koroboi hatukugombana hivi, kwa kuwa sote tulivuta moshi uleule.

Muuzaji ameniambia kwamba mkataba haubadiliki. Je, kuna aliyefanikiwa kupata malipo yanayofuata siku za uvuvi, au ni afadhali tuanzishe mfuko wa kikundi, tuujaze wakati wa giza ili utulipie wakati wa mbalamwezi? Na mwenzetu akishindwa kurejesha, tumdai kwa utaratibu gani ili tusivunje ujirani?