Nimerekebisha herufi moja tu kwenye video, programu ya DVD imenifutia chapta 31!

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha. Tangu juzi silali kwa sababu ya herufi moja.

Kazi yenyewe ni filamu ya kumbukumbu ya marehemu, saa 1 na dakika 52. Familia wanaitaka kwenye DVD kwa sababu wazee wao wana deki, na deki ndiyo wanayoijua. Nimekaa na kazi hii wiki tatu. Chapta 31 (yaani sehemu za filamu unazoweza kurukia), menyu kurasa 4, kila chapta na kitufe chake chenye picha na maelezo mafupi, tena kuna maandishi ya tafsiri chini kwa ajili ya wajukuu wasiojua lugha ya bibi yao. Vile vitufe nilivipanga kimoja kimoja.

Siku ya kuhakiki, binti wa marehemu akaniambia kwa upole tu, "Kaka, jina la mama limekosa herufi." Nikatazama. Kweli, kwenye bango la mwisho H imeruka. Jina la mama yao, mbele ya watoto wake! Kosa langu, nikaomba radhi, nikarudi kwenye programu ya kuhariri, nikaweka H, nikarenda upya, yaani nikatoa video nzima kuwa faili jipya. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni na programu ya kutengenezea DVD.

Kwanza nilifanya vile wengi tunavyofanya: faili jipya nikalipa jina lile lile, nikaliweka palepale lilipokuwa la zamani. Nikafungua mradi, nikaenda mwisho kabisa kwenye dirisha la kutazamia, H ipo. Nikachoma diski 10. Asubuhi naweka moja kwenye deki, napeleka mbele hadi bango la mwisho, H haipo. Nikatoa, nikaweka ya pili. Haipo. Ya tatu sikuimaliza.

Kumbe programu ilikuwa imeshaunganisha picha na sauti za faili la kwanza kuwa VOB, faili la video la DVD, na kuiweka kwenye folda yake ya muda, na wakati wa kuchoma inachota hukohuko. Inaangalia jina la faili basi. Tarehe haiangalii, ukubwa haiangalii. Machoni inakuonyesha hili, kwenye diski inaweka lile. Huo ni uongo, na diski 10 zimeharibika kwa uongo huo.

Nikasema sawa, nifuate utaratibu wao. Nikabofya faili, nikachagua amri ya kubadilisha, nikaonyesha faili jipya. Ikauliza kama nina uhakika. Ndiyo. Sekunde haikupita, chapta zote 31 zimetoweka kwenye ule mstari wa muda. Vitufe vya menyu vipo, lakini chochote utakachobonyeza kinakupeleka mwanzo wa filamu. Maandishi ya tafsiri yameondolewa yote. Nikakimbilia amri ya kurudisha nyuma, nikaikuta imefifia, haibonyezeki. Nilikaa nikiitazama tu.

Najua kuna mtu atakuja kunieleza habari za MPEG-2, ule mfumo wa kubana video za DVD. Nazijua, ndugu yangu. Fremu, yaani picha moja moja za video, zinafungwa kwa mafungu, kila fungu linaanza na fremu I iliyo kamili peke yake, na chapta ya DVD lazima itue mwanzo wa fungu. Ukirenda upya, mafungu yanaweza kuhama. Haya, tupige hesabu. Fremu 25 kwa sekunde, fungu la fremu 12: hata mafungu yote yakihama, fremu I iliyo karibu haifiki hata nusu sekunde kutoka pale ulipoweka chapta. Si ingezisogeza yenyewe? Si ingeniuliza basi? Faili langu jipya limezidi la zamani kwa fremu 2. Mbili, katika fremu 168,000! Na zimezidi kwenye bango la mwisho, ambako hakuna chapta yoyote mbele yake.

Chapta ni muda uliohifadhiwa, hakuna zaidi. Kuna programu ya dvdauthor, ya bure kabisa: muda wa chapta unauandika kwenye faili la maandishi, ukitaka kubadilisha video unabadilisha jina kwenye mstari mmoja na chapta hazitikisiki. Menyu zake tu ndizo zinatesa, maana kila kitu ni kuandika amri, na ndiyo sababu nilinunua hii yenye madirisha na vitufe. Nimetoa hela yangu nikapoteza kile ambacho cha bure kinakitunza.

Na haikuishia hapo. Faili la kwanza lilikuwa 720 kwa 576, wastani wa megabiti 5.2 kwa sekunde, sauti ya AC-3 (aina ya sauti iliyobanwa ya DVD) ya kilobiti 192. Nililipimia hivyo makusudi liingie kwenye diski ya GB 4.7, na DVD yenyewe inaruhusu video hadi megabiti 9.8. Ikalipokea bila neno. La pili nimelirenda kwa mipangilio ileile, ikasema halikidhi viwango, ikaanza kulienkodi upya, yaani kulibana tena. Ikachukua saa 5! Mwishowe, ile sehemu ya usiku ambapo bibi amekaa na taa ya chemli, shavu lake limejaa vimiraba.

Nimewaandikia wenye programu. Jibu: tengeneza mradi mpya.

Kama una mradi mkononi na unataka kubadilisha faili, uhifadhi kwanza kwa jina jingine, futa kila kitu kwenye ile folda ya muda, halafu toa VIDEO_TS, ile folda yenye mafaili ya DVD, kwenye kompyuta uitazame hadi mwisho kabla hujagusa diski hata moja.

Sasa hivi nimeweka moja ya zile diski mbovu, kwa sababu chapta zangu bado zimo ndani yake. Naruka chapta moja hadi nyingine, nanakili muda kwenye daftari, naurudisha kwenye mradi kwa mkono. Nimefika ya 17. Tafsiri sijaigusa, na familia wanakuja kuchukua kesho kutwa. Mwenye kujua namna ya kutoa muda wa chapta moja kwa moja kutoka kwenye faili la IFO (faili la DVD linalotunza taarifa za chapta), tafadhali aandike hapa hatua kwa hatua. Niko macho.