Mjadala: Mbwa gani wa kufuga nyumbani, wa kizungu au huyu wetu wa kienyeji?

Mzee wa Kibaha
Wakuu, heshima kwenu. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana nalileta. Siku hizi mtu ukuta wake haujapigwa hata plasta, tayari kaagiza German Shepherd. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia "mkali huyo". Mbwa huyu alianza kuandikishwa Ujerumani mwaka 1899, na aliyemtengeneza ni afisa wa jeshi, Max von Stephanitz. Kazi yake ilikuwa kuchunga kondoo, tena nchi ya baridi. Ana manyoya tabaka mbili. Sasa mlete Kibaha mwezi wa pili: saa nne asubuhi keshafukua shimo chini ya simtanki, pale maji yanapodondokea, kalaza tumbo kwenye tope, ulimi nje. Mtu anapita getini, yeye hanyanyui hata kichwa. Bado hujagusa ugonjwa wa nyonga, ambao ni wa kurithi kwenye ukoo wake. Akizeeka anaburuza miguu ya nyuma mpaka unamwonea huruma.

Huyu wetu anakula ugali wa dona na dagaa, jua haliogopi, na usiku anamsikia mtu akiwa bado mtaa wa pili. Sisi tunamwita koko na kumpiga mawe. Naomba kila mtu aseme anapenda mbwa wa aina gani, na kwa nini hasa. Mimi naona wengi wanatafuta sifa tu. Watu wa pwani mtanisamehe, najua ninyi mbwa mnamkimbia.

Mama Njiro
Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye sifa umenikosea. Mimi naishi na wanangu peke yetu, hakuna mwanaume ndani. Nilikuwa na mbwa wa kienyeji wawili, walibweka vizuri sana, na wezi wakawarushia nyama yenye sumu, asubuhi nikawakuta wamekauka mlangoni. Sasa nina Rottweiler. Hapokei kitu mkononi mwa mgeni, nilimfundisha tangu mdogo. Mdogo wangu wa kiume anapokuja, mbwa anakuja kukaa katikati yetu, mgongo ameniegemeza kwenye magoti, anamtazama mgeni bila kelele. Uzito wake ule kwenye miguu yangu ndio unaonipa usingizi. Hiyo ni sifa?

Chuma wa Mbagala
Mama Njiro umemaliza. Mbwa wa kienyeji kazi yake kubweka, mtu akiokota jiwe tu kashakimbia. Mimi Boerboel, mbwa wa wakulima wa Afrika Kusini. Akisimama getini hata msoma mita wa maji anasoma namba akiwa barabarani.

Msasi wa Makunduchi
Ndugu mleta mada, hiyo kauli ya kwamba watu wa pwani tunamkimbia mbwa umeitoa wapi? Mimi ni mtu wa Kusini Unguja. Babu yangu msasi, yaani mwindaji, baba yangu msasi, nami nasasa. Nguruwe mwitu wakiingia kwenye muhogo wako, usiku mmoja wanalala na kazi ya msimu mzima. Unadhani tunawatoa kwa nini, kwa maneno? Kwa mbwa. Na mbwa wenyewe ni hawa hawa mnaowaita koko. Ukija kwetu nitakuonesha mbwa anayejua jina lake, anayejua zamu yake, anayengoja aambiwe. Usituzulie.

Mzee wa Kibaha
Msasi, sikusudii matusi. Lakini ukweli usemwe: Dar hii ukipita na mbwa mitaa ya Kariakoo watu wanakusanya kanzu na kuhama njia.

Ustadh wa Pongwe
Wanahama njia kwa sababu ya twahara, yaani usafi wa kuswalia, si kwa woga. Tofautisha. Mbwa akilamba chombo, sisi wafuasi wa Imam Shafi tunaosha mara saba, moja kwa udongo. Mtu yuko njiani kwenda kuswali, mbwa kaloa, ataachaje kukusanya kanzu? Na mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa. Suratul Maida, aya ya 4, iko wazi. Kinachokatazwa ni huku kufuga kwa mapambo, mbwa analala kwenye kochi.

Chuma wa Mbagala
Sasa Ustadh, hapo sielewi. Mate yake najisi, lakini paa aliyemkamata kwa meno hayo hayo halali?

Ustadh wa Pongwe
Swali lako wanachuoni walilijibu zamani. Kwetu sehemu aliyouma inaoshwa. Imam Malik yeye anaona mbwa aliye hai ni twahara, na kule kuosha chombo ni ibada tu, tunafuata tulivyoamrishwa. Kwa hiyo usije hapa kana kwamba umegundua jambo.

Chuma wa Mbagala
Sijagundua, nimeuliza. Kuuliza nako ni kosa?

Mswahili wa Muscat
Naongeza. Huku Oman na Imarati mabedui wana mbwa wao, saluki. Mwembamba, kifua kirefu, masikio yana manyoya kama nywele za binti. Kazi yake kukimbiza sungura na paa jangwani. Mbwa wengine wanakaa nje, saluki anaingizwa hemani, na hawa ni Waislamu wanaoswali swala tano. Kwa hiyo anayesema Mwislamu hana mbwa ampendaye, aje huku ashuhudie mashindano ya mbio za saluki. Mimi kwa upande wangu ndiye ninayempenda: hana kelele, msafi, anapokimbia kama hagusi mchanga.

Msasi wa Makunduchi
Ahsante sana ndugu wa Muscat. Waambie.

Kijana wa Nakuru
Jameni, swali lilikuwa la mbwa wa boma. Huku kwetu Kenya mitaa ya ploti ndogo watu wamehamia Japanese Spitz, yule mweupe wa manyoya mengi. Hali chakula kingi, hahitaji uwanja, na anabweka hata jani likianguka. Mke wangu anampenda kuliko mimi. Lakini kwa shamba mimi nasema Ridgeback, yule mwenye manyoya yaliyogeuka mgongoni, wa walowezi wa huku Naivasha na Laikipia. Mbwa wa Kenya kabisa, wa simba.

Dokta wa Magu
Mimi ni daktari wa mifugo, naomba nafasi kidogo.

Ridgeback asili yake si Kenya. Sifa zake rasmi ziliandikwa Bulawayo, Zimbabwe ya leo, mwaka 1922. Na ule mstari wa mgongoni haukutoka Ulaya, ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, walowezi wakawapandisha na mbwa wao. Sasa mwangalie Basenji, mbwa wa Kongo asiyebweka. Ni mbwa wa kijijini, wawindaji walimfunga kengele shingoni ili wamsikie porini. Waingereza wakamchukua, mwaka 1937 wakamwonesha kwenye maonyesho ya Crufts, watu wakajazana kumtazama, na leo ana kitabu cha ukoo. Huyo alikuwa nini kabla ya kitabu? Alikuwa "koko". Tofauti ya mbwa mwenye jina na asiye na jina mara nyingi ni kwamba wa kwanza kuna watu walikaa chini wakaandika wazazi wake na wakachagua. Mbwa wa kienyeji wa Sukumani na Umasaini hakuna aliyekaa kumchagua kwa namna hiyo, na hilo lingewezekana kabisa.

La pili, chanjo. Mwaka 1994 simba wa Serengeti, karibu theluthi yao, walikufa kwa homa ya mbwa, maradhi yaliyohusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani. Kichaa cha mbwa kinaua watu mpaka leo, na ili kikatike kijiji kinatakiwa kuchanja mbwa saba katika kila kumi. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Na wale wanaouza watoto wa mbwa wa wiki tano, hawajachanjwa, wanakufa kwa parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu, mikononi mwa mnunuzi, wana dhambi kubwa.

Mfugaji wa Mbezi
Daktari, unatuhukumu wote? Mimi nazalisha Jemani, hao German Shepherd. Mtoto hatoki bandani kabla ya wiki nane, na anatoka na kadi yake ya chanjo. Ninyi madaktari ndio mnaogonga mhuri kwenye kadi bila kumwona mbwa. Mimi nimeletewa kadi yenye mhuri, mbwa mwenyewe siku ya tatu anaharisha damu. Anza na wenzako.

Dokta wa Magu
Anayegonga mhuri bila kumwona mbwa ni mhalifu, na nakushauri umripoti. Lakini sikukutaja wewe. Nimesema wa wiki tano.

Mfugaji wa Mbezi
Umesema "wale wanaouza". Mimi nauza. Nani tena?

Mama Njiro
Jamani, muacheni daktari. Mimi nimemwelewa.

Chuma wa Mbagala
Na huyo wa Nakuru na kimbwa chake cheupe cha kubwekea majani, huo ulinzi au redio?

Kijana wa Nakuru
Buda, huyo huyo ndiye alituamsha usiku watu wakikata waya wa fensi. Boerboel wa jirani alikuwa amelala fofofo. Mbwa mdogo anaamsha, mkubwa anamaliza. Weka wote wawili, acha kuringa na mmoja. Halafu ujue pale bandari ya Mombasa wanaonusa pembe za ndovu kwenye makontena si hao majitu yako, kuna Malinois, mbwa wa wastani tu.

Mzee wa Kibaha
Wakuu, bado hamjanijibu. Nimeuliza kwa nini huyu wa kienyeji hatumlei. Ukimlisha, ukimchanja, ukimfundisha kama Mama Njiro alivyomfundisha wake kutopokea chakula, nani kasema atashindwa? Wale wawili wake waliokula sumu, walifundishwa?

Mama Njiro
Hapana mzee, hawakufundishwa. Niliwakuta wameshakua. Lakini usiwalaumu wanyama wangu.

Msasi wa Makunduchi
Mzee wa Kibaha, hapo sasa umesema. Nikujibu kwa kazi yangu. Mtoto wa mbwa mimi simwangalii rangi wala masikio, naenda kumwona mama yake akiwa msituni. Kama mama anafuata harufu kimya mpaka afike ndipo atoe sauti, na kama anarudi akiitwa hata nguruwe yuko mbele yake, nachukua mtoto wake, tena yule anayekuja mwenyewe kunusa mguu wangu. Anayejificha simchukui, na anayewauma wenzake wakati wa kula simchukui. Halafu miezi ya mwanzo anatembea na mbwa mkubwa, simfundishi mimi, anafundishwa na mwenziwe. Na chukua jike. Dume linazurura.

Chuma wa Mbagala
Jike? Kila baada ya miezi sita madume ya mtaa mzima getini kwako, wiki tatu hakulaliki. Dume, ndugu yangu.

Mama Njiro
Si unampeleka kwa daktari anafungwa kizazi? Wangu ni jike, na ndiye anayelinda hii nyumba.

Chuma wa Mbagala
Mama, Rottweiler dume ni habari nyingine kabisa, uliza mtu yeyote.

Mfugaji wa Mbezi
Jike linajifunza haraka zaidi. Nazalisha wote, nawaambia ninachokiona bandani kila siku.